Dawa ya lehemu (kolesteroli): dozi kubwa, dozi ya kati, au vidonge viwili?

Swali ninaloulizwa sana dirishani, na watu wa Mtwara mjini, wa Mikindani, hata wanaoshuka na basi la asubuhi kutoka Newala, ni hili: "Daktari kaniandikia dawa ya mafuta, miligramu 80. Jirani yangu anakunywa 20. Kwani mimi hali yangu mbaya kiasi gani?" Likijibiwa hilo linafuata la pili, kwa sauti ya chini: "Nasikia inakula misuli."

Mimi ni mfamasia, na msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nilipo. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, asiikimbie dozi kubwa. Ambaye hajapatwa na lolote, ila kipimo tu ndicho kimepanda, mara nyingi dozi ya kati inamtosha. Na simvastatini ya miligramu 80 asianzishiwe mtu yeyote, awe Lindi, awe Masasi, awe popote.

Dawa ninazozungumzia ni za kundi la statini. Huku kwetu unazokutana nazo zaidi ni atorvastatini, simvastatini na rosuvastatini. Zote zinafanya kazi kwenye ini: zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza lehemu, ini likipungukiwa linaivuta ile lehemu mbaya iliyo kwenye damu, inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara. Damu inabaki na kidogo, na mishipa inapata nafuu.

Ukiongeza dozi mara mbili unapata nini

Watu wengi wanaamini kidonge cha 80 kina nguvu mara nane ya kile cha 10. Sivyo. Kila ukizidisha dozi ya statini mara mbili, LDL inashuka kwa takriban asilimia 6 zaidi, basi. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na dozi ya kwanza.

Chukua mtu ambaye LDL yake ni 4.0 mmol kwa lita. Akinywa atorvastatini 10, itashuka hadi kama 2.5. Akinywa 20, kama 2.3. Akinywa 40, karibu 2.0. Akinywa 80, karibu 1.8. Tazama safari ya kutoka 10 hadi 80: dawa imeongezeka mara nane, LDL imeshuka kwa 0.7 tu. Hiyo 0.7 kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo ina thamani, kwa sababu miongozo inataka LDL yake iwe chini ya 1.8, na ule wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka chini ya 1.4. Kwa mtu wa miaka 45 asiye na presha, asiye na kisukari, asiyevuta sigara, thamani yake ni ndogo sana.

Madhara nayo hayaongezeki kwa mwendo huo wa polepole. Mengine yanaruka ghafla dozi ikifika juu, na ndiyo maana ulinganisho huu una maana.

Faida na madhara, kwenye mizani moja

Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha mapitio makubwa ya ushahidi wa statini. Hesabu yao ni hii: watu 10,000 wakinywa dozi yenye nguvu, kama atorvastatini 40, kwa miaka mitano, na LDL ikashuka kwa 2 mmol kwa lita, basi kwa wale waliokwisha kuugua moyo au mishipa, kama 1,000 wataepushwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au tukio jingine kubwa la mishipa. Kwa wale ambao hawajaugua lakini wako hatarini, kama 500. Upande wa madhara, katika hao hao 10,000, watano hivi watapata ugonjwa halisi wa misuli, na mmoja kati yao unaweza kufikia misuli kuvunjika na kuharibu figo asipoacha dawa. Wapya wa kisukari ni kati ya 50 na 100. Wa kiharusi cha kuvuja damu, kati ya watano na kumi.

Hiyo ni statini dhidi ya kutokunywa kabisa. Je, dozi kubwa dhidi ya ndogo? Utafiti uitwao TNT, wa mwaka 2005, ulichukua wagonjwa wa moyo 10,001 na kuwagawa: nusu atorvastatini 10, nusu atorvastatini 80. Baada ya karibu miaka mitano, matukio makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 10.9 kwa waliokunywa 10, na asilimia 8.7 kwa waliokunywa 80. Yaani kwa kila 1,000, watu 22 zaidi walinusurika. Vimeng'enya vya ini vilipanda na kubaki juu kwa watu 2 katika 1,000 wa dozi ndogo na 12 katika 1,000 wa dozi kubwa. Maumivu ya misuli yalikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Watu 22 walionusurika kwa 10 wa ziada wa ini, na wale 10 walionekana kwenye kipimo tu. Vimeng'enya kupanda si sawa na ini kufa. Ndiyo maana namwambia mgonjwa wa moyo: kunywa. Lakini angalia, wote waliokuwa kwenye utafiti ule walikuwa tayari ni wagonjwa wa moyo. Kumhamishia hesabu yao mtu mwenye afya njema ambaye kapima tu kwenye kambi ya bure si haki.

Misuli

Hapa ndipo watu wanapoacha dawa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Maumivu ya statini yana sura yake. Huanza wiki au miezi michache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Huja pande zote mbili: mapaja yote, au mashavu yote ya miguu, au mabega yote. Ni misuli, si viungo. Goti moja la kulia linalouma ukipanda ngazi si statini. Mgongo uliokuuma tangu mwaka juzi si statini. Na huku kwetu tuna sababu nyingine nyingi za mwili kuuma. Chikungunya yenyewe ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 uwanda wa Makonde, na homa ile inaacha viungo vikiuma kwa miezi. Malaria nayo tunaijua.

Kuna mzee mmoja wa Tandahimba alikuja akiwa na pakiti yake mkononi, vidonge vinne vimetoka, vilivyobaki vimejaa. "Mwanangu, hii nimeiacha. Miguu inawaka moto." Nikamwuliza, mzee wangu, siku hizo nne ulikuwa unafanya nini? Alikuwa anapalilia mikorosho, kuanzia alfajiri mpaka jua la utosi. Sikumwambia maumivu yake ni ya uongo. Nilimwomba arudi kwa daktari wake, wapange ajaribu tena shamba likitulia, ili ajue ni lipi linalomuumiza.

Ushahidi unaunga mkono kujaribu tena. Utafiti mdogo wa Uingereza uitwao SAMSON, wa mwaka 2020, uliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Miezi mingine walipewa statini, mingine kidonge kisicho na dawa ndani, mingine hawakupewa kitu. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge kitupu. Nusu yao walirudia dawa baada ya kuona matokeo yao wenyewe. Nao uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta maumivu ya misuli kwa asilimia 27.1 ya waliokunywa statini na asilimia 26.6 ya waliokunywa kidonge kitupu. Tofauti ipo, hasa mwaka wa kwanza, lakini ni ndogo.

Sasa upande wa pili, ambao sitaki uupuuze. Ugonjwa halisi wa misuli upo na unaua. Dawa moja ya kundi hili, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani Agosti 2001 kwa sababu ya vifo vya namna hiyo. Dalili zake ni maumivu makali na udhaifu: huwezi kunyanyuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, huwezi kuinua ndoo uliyokuwa unainua. Mkojo unabadilika kuwa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Ukiona hivyo, kidonge cha siku hiyo usimeze, na usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Ligula, iwe Sokoine Lindi, iwe Ndanda au Nyangao, popote palipo karibu na penye maabara. Figo zinaokolewa kwa saa.

Wanaohitaji uangalizi zaidi ni wazee wa zaidi ya miaka 75, wenye mwili mdogo, wanawake kuliko wanaume, wenye figo dhaifu, wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na wanaokunywa pombe nyingi. Msimu wa mabibo hilo la mwisho linanihangaisha. Uraka unapatikana kila mahali, na gongo ndiyo mbaya zaidi kwa ini na misuli.

Simvastatini, atorvastatini, rosuvastatini

Miligramu za dawa hizi hazilingani, na hapa hatari ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Atorvastatini 20 inashusha LDL kama simvastatini 40 au zaidi kidogo. Rosuvastatini 10 iko kati ya atorvastatini 20 na 40. Kwa hiyo ukiambiwa "hiyo 40 imeisha, chukua 40 hii ya jina jingine", umebadilishiwa nguvu na umebadilishiwa hatari. Kama ni lazima kubadilisha, aliyekuandikia ajue.

Simvastatini ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Utafiti wa SEARCH ulilinganisha simvastatini 80 na 20 kwa watu 12,064 waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Waliopata ugonjwa wa misuli kwenye 80 walikuwa 52. Kwenye 20, mmoja. Juni 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ikazuia kuanzisha mgonjwa mpya kwenye 80. Mwaka huo huo ikatoa onyo ambalo huku linatuhusu kila siku: mtu anayekunywa amlodipini ya presha asizidishe simvastatini 20.

Nasema kila siku kwa sababu amlodipini iko kwenye mifuko ya nusu ya wagonjwa wa presha ninaowahudumia. Mama mmoja wa Lindi alinimwagia mfuko wake mezani: amlodipini 10, simvastatini 40, metfomini, na kipande cha pakiti ya dawa ya vidonda vya tumbo. "Shikamoo mama, hizi zote unakunywa kwa pamoja?" "Marahaba mwanangu, zote, usiku, ili nisisahau." Kila kidonge kiliandikwa na mtu tofauti, siku tofauti, na hakuna aliyeona mfuko mzima. Ile ya vidonda ilikuwa na klarithromisini ndani. Hiyo ikikutana na simvastatini, kiwango cha simvastatini kwenye damu kinapanda sana, hazinywewi pamoja. Niliandika majina yote kwenye karatasi, nikampa aipeleke kliniki asubuhi ile ile kabla ya kumeza kitu.

Atorvastatini inavumilia amlodipini vizuri, na haihitaji kupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu. Unaweza kuinywa saa yoyote, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu, wakati simvastatini hunywewa usiku. Nayo haipendi klarithromisini, itrakonazoli wala ketokonazoli za kumeza, wala balungi kwa wingi. Rosuvastatini ina migongano michache na dawa nyingine na ni yenye nguvu zaidi kwa kila miligramu, lakini mwenye figo zilizoharibika sana hapaswi kuzidi 10, na dozi ya 40 inaweza kuleta protini kwenye mkojo.

Kwa wenzetu wa CTC, kliniki ya dawa za VVU: ukiwa kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonavu ndani, kama atazanavu, simvastatini ni marufuku kabisa, na atorvastatini inatakiwa iwe ya chini. Anayetumia dolutegravu hana tatizo hilo. Mwambie anayekuandikia statini kuwa una dawa hizo. Najua huko kusema ni kugumu mbele ya dirisha lenye foleni. Omba kuongea pembeni, ni haki yako.

Nikiwekewa mezani zote tatu bila kujua mengine ya mgonjwa, nachagua atorvastatini.

Sukari, ini na kichwa

Statini inapandisha sukari kidogo, na hapa dozi inahesabika. Uchambuzi wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa dozi ndogo na za kati zinaongeza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 10 hivi ya hatari uliyokuwa nayo, na dozi kubwa kwa asilimia 36. Wengi wa wanaopata ni wale ambao sukari yao ilikuwa tayari mpakani. Basi kabla ya kuanza 80, pima sukari. Ikiwa iko mpakani na hujawahi kuugua moyo, hiyo ni sababu nzuri ya kubaki dozi ya kati. Ikiwa uliwahi kuugua moyo, bado dozi kubwa inashinda, ila sukari ifuatiliwe.

Ini halihitaji hofu nyingi. Lipimwe mwanzoni, lipimwe tena dalili zikitokea: macho ya njano, mkojo mweusi, kuchoka kusikoeleweka, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia.

Kiharusi ndicho kinachohitaji akili zaidi. Utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006 uliwapa atorvastatini 80 watu waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda. Viharusi kwa jumla vilipungua, kutoka asilimia 13.1 hadi 11.2 kwa karibu miaka mitano. Lakini vya kuvuja damu viliongezeka, kutoka 33 hadi 55. Kwetu sisi, ambako presha inakaa miaka bila kutibiwa, kiharusi cha kuvuja si kigeni. Picha ya CT ndiyo inayotofautisha kuziba na kuvuja. Kama mzazi wako alipata kiharusi na hakupigwa picha hiyo, uliza kabla ya kukubali 80. Na presha ishushwe kwanza. Kunywa statini kubwa huku presha ikiwa 190 ni kujidanganya.

Kidonge cha pili badala ya dozi kubwa

Njia ya tatu haizungumzwi sana huku: statini ya dozi ya kati pamoja na ezetimibu 10. Ezetimibu inazuia utumbo kufyonza lehemu, na inashusha LDL iliyobaki kwa kama asilimia 20 hadi 25. Rudi kwa yule mtu wa 4.0: atorvastatini 20 ilimfikisha 2.3. Ukimwongezea ezetimibu anafika kama 1.8, pale pale alipofikishwa na 80.

Utafiti wa Korea Kusini uitwao RACING, wa mwaka 2022, uliwalinganisha wagonjwa 3,780: rosuvastatini 10 pamoja na ezetimibu, dhidi ya rosuvastatini 20 peke yake. Kwa miaka mitatu matukio ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 9.1 na 9.9, yaani hakuna upande uliozidiwa. Walioacha au kupunguziwa dawa kwa kushindwa kuivumilia walikuwa asilimia 4.8 na 8.2. Kwangu mimi hiyo ni karibu nusu, na ni hoja kubwa kwa mzee ambaye misuli yake inamsumbua kweli.

Ubaya wake ni wa mfukoni na wa upatikanaji. Ni kidonge cha pili cha kununua, na si kila duka la dawa huku linacho. Ukianza nacho Mtwara mjini kisha ukarudi Nanyamba au Liwale kikaisha, umebaki na nusu ya tiba. Uliza kwanza kama utakipata mwezi wa pili na wa tatu.

Ningechagua nini

Baba wa miaka 58, alipata mshtuko wa moyo, figo nzima: atorvastatini 80 au 40. Akishindwa kuivumilia, ashuke 20 na ezetimibu, asiache kabisa.

Mama wa miaka 78, mwembamba, presha na figo dhaifu, aliwahi kupata kiharusi cha kuziba: atorvastatini 20 hadi 40, kwa uangalizi. Simpi 80.

Mwalimu wa miaka 50 mwenye kisukari, moyo mzima: dozi ya kati inatosha kuanzia.

Kijana wa miaka 35 ambaye LDL yake ni 3.6 na hana tatizo jingine: apunguze tui zito la nazi la kila siku na nyama ya mafuta, ale samaki, atembee, aache sigara, apime tena. Korosho zisizojaa chumvi hazina kosa. Ila LDL ikiwa 5 au zaidi, au kama kwenye ukoo wao watu wanakufa ghafla wakiwa vijana, huyo si wa kusubiri.

Mwanamke mwenye mimba au anayepanga: aongee na daktari kabla ya kuendelea, kwa kawaida statini husimamishwa.

Anayeishi mbali na maabara namwambia hivi. Dozi yoyote uliyoanza au kubadilishiwa, rudi kupima lehemu kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili. Kama unapimwa na misuli, kipimo kinachoitwa CK, mwambie mpimaji ulifanya kazi gani siku mbili zilizopita, kwa sababu kubeba magunia ya korosho kunakipandisha bila statini yoyote. Watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida CK yetu iko juu kidogo kuliko viwango vilivyochapwa kwenye karatasi nyingi za maabara, na nimeona watu wakiachishwa dawa nzuri kwa sababu hiyo tu. Nenda ukiwa umepumzika siku mbili, beba pakiti zote za dawa unazotumia, za hospitali na za kununua, na uziweke zote mezani.